Diski Mbili, Sebule Moja

Leo hakuna sungura wala fisi. Stelingi wa hadithi yetu ni kipande cha plastiki cha duara, upana wake sentimita 12, unene milimita 1.2, chenye tundu katikati. Adui yake ni kipande kingine cha plastiki cha duara, upana sentimita 12, unene milimita 1.2, chenye tundu katikati. Ukiwalaza mezani kifudifudi huwezi kujua yupi ni yupi. Lakini mtie mmoja kwenye deki ya mwenzake uone: deki inazungusha, inahangaika, halafu inakutemea diski yako. Wawili hawa walipambana miaka sita. Waligawanya viwanda vya Japani, wakagombanisha watengeneza filamu wa Hollywood, na mwishowe mmoja akafa. Aliyebaki naye, kama mtakavyoona, hakuufaidi sana ushindi wake.

Mmoja aliitwa HD DVD. Mwingine Blu-ray.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo turudi nyuma kidogo, kwenye jeraha la zamani la kampuni ya Sony. Mwaka 1975 Sony ilitoa kanda za video zilizoitwa Betamax. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya Japani, JVC, ikatoa kanda za VHS. Betamax ilisifiwa kwa picha safi, ila kanda yake ya mwanzo ilirekodi saa moja tu. Ya VHS ilirekodi saa mbili, yaani muvi nzima bila kuinuka kubadilisha. Watu wakaenda na VHS. Mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kutengeneza deki za VHS, na hapo kila mtu akajua mambo yamekwisha. Ukishindwa namna hiyo mbele ya dunia nzima husahau.

Baadaye kanda nazo zikachosha watu. Kuzirudisha nyuma kazi, utepe ukinaswa kazi, kila ukitazama picha inazidi kuchakaa. Kampuni zikaanza kutengeneza diski ya muvi. Sony na Philips wakaja na yao, Toshiba na wenzake wakaja na yao, na vita ikanukia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1995 walikaa, kwa sababu mwenye zizi alishika fimbo: kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mbele, zilisema wazi kwamba hazitaunga mkono diski mbili. Elewaneni kwanza, ndipo mrudi. Wakaelewana, na diski iliyozaliwa na maelewano hayo ikaingia madukani Japani mwezi Novemba 1996. Hiyo ndiyo DVD.

Kwetu Dar es Salaam DVD ilikuta VCD, diski za muvi zilizoitangulia, zimeshajaa mitaani. TV yenyewe ilikuwa ya chogo, inchi 21, imevikwa kitambaa cha kufuma. Diski ikiganda pale pale stelingi anapofyatua risasi, mtu mzima anainuka, anaitoa, anaipulizia pumzi ya mdomo hadi itoke mvuke, anaifuta kwa pindo la fulana, anairudisha, na watu wote wanashikilia roho mpaka picha itembee tena. Mitaani kulikuwa na diski moja yenye muvi kumi za mwigizaji mmoja, zimebanwa hadi nyuso zimeingia ukungu. Hakuna aliyelalamika. Mtu alitaka kujua kama adui anakufa.

Nawaambia haya kwa sababu mabwana wa viwanda walikuwa wanafikiria kinyume chake. Wao walikuwa wanahesabu nukta.

Picha ya TV imeundwa kwa nukta ndogo zinazoitwa pikseli. Picha ya DVD, kwa mfumo uliotumika kwetu na Ulaya, ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo. Zidisha: 414,720. Kisha zikaja TV bapa za HD, zenye nukta 1,920 kwa mistari 1,080. Zidisha tena: 2,073,600. Mara tano. TV ya namna hiyo ukiichomekea DVD, inabidi ibuni yenyewe nukta nne katika kila tano. Inabuni vizuri kuliko mnavyodhani, lakini inabuni. Muvi ya saa mbili yenye nukta zote hizo haikuenea kwenye DVD, ambayo tabaka lake moja hubeba gigabaiti 4.7.

Sasa tuingie ndani ya diski, maana huko ndiko kuna utamu.

Kwenye diski hakuna picha. Kuna vishimo, mabilioni ya vishimo, vimepangwa kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. Leza inaumulika mstari huo diski ikizunguka. Kwenye kishimo mwanga unarudi hafifu, pasipo na kishimo unarudi na nguvu, na kutokana na kufifia na kuwaka huko deki inajenga picha na sauti. Ukitaka mambo mengi zaidi yaingie kwenye diski yenye upana uleule, huna njia ila kuvipunguza vishimo na kuvibananisha. Lakini mwanga ni mawimbi, na wimbi refu halioni kitu kidogo. Jaribu kuandika barua nzima nyuma ya stempu kwa ile kalamu nene ya kuandikia mabango; tatizo halipo kwenye mkono wako, lipo kwenye ncha. CD husomwa kwa leza ambayo jicho halioni, yenye wimbi la nanomita 780. DVD husomwa kwa leza nyekundu, nanomita 650. Ili kwenda mbele ilihitajika ncha nyembamba zaidi, yaani mwanga wa buluu.

Na buluu iliwashinda watu kwa miongo mingi. Taa ndogo za elektroniki, zinazoitwa LED, za rangi nyekundu zilikuwepo, za kijani zilikuwepo, lakini buluu ing'aayo haikupatikana, na maabara kubwa kubwa zilikuwa zimeanza kukata tamaa. Aliyefanikiwa hakutoka kwenye kampuni yenye jina. Shuji Nakamura alikuwa mfanyakazi wa Nichia, kampuni ya kemikali iliyopo mji mdogo wa Anan, kwenye kisiwa cha Shikoku huko Japani. Alitumia madini ambayo wengi waliyaona hayafai, akawa anabomoa na kuunga upya mitambo yake kwa mkono. Mkuu wake alipomwagiza aache, aliendelea. Mwaka 1993 taa ya buluu ikawaka, na miaka michache baadaye akapata leza yake.

Zawadi aliyopewa kazini kwa uvumbuzi huo ilikuwa yeni 20,000, pesa ambazo ukiingia nazo mgahawa mzuri wa Tokyo na familia zinaisha jioni ileile. Nakamura akaenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikaamua alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2005 pande mbili zikamalizana kwa yeni takriban milioni 840. Mwaka 2014 yeye na Wajapani wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa ajili ya taa ya buluu. Kila taa ya LED nyeupe mnayosomea usiku ina deni kwa watu hao. Mimi nikiisoma habari hii huwa nasahau kabisa habari ya muvi.

Leza ya buluu, au tuseme ya zambarau, maana wimbi lake ni nanomita 405, ikawafikia wote wawili: Blu-ray na HD DVD wanatumia mwanga uleule. Sasa walitofautiana wapi? Kwenye lenzi, na kwenye kina cha vishimo.

Anayependa hesabu achukue kikokotoo. Lenzi ya deki ina namba inayoonyesha inavyoweza kuukusanya mwanga: ya DVD ni 0.6, ya HD DVD 0.65, ya Blu-ray 0.85. Gawanya urefu wa wimbi kwa namba hiyo, utapata kadirio la upana wa doa la mwanga. DVD: 650 kwa 0.6 ni 1,083. HD DVD: 405 kwa 0.65 ni 623. Blu-ray: 405 kwa 0.85 ni 476. Doa la DVD ni pana mara 2.27 kuliko la Blu-ray, na kwa kuwa vishimo hubananishwa kwa urefu na kwa upana, zidisha namba hiyo kwa yenyewe: 5.2 hivi. Zidisha kwa gigabaiti 4.7 za DVD. Unapata 24 na ushee. Waliotengeneza Blu-ray walitangaza gigabaiti 25 kwa tabaka moja. Fanyeni ya HD DVD wenyewe. Mtaangukia 14 na kitu, na Toshiba walitangaza 15. Kumbe siri ya vigogo wale ilikuwa hesabu ya darasani.

Kwa nini basi Toshiba hawakuchukua lenzi kali? Kwa sababu lenzi kali haivumilii diski iliyopinda au kuinama hata kidogo, mpaka vishimo visogezwe karibu sana na uso wa diski. Blu-ray ilivisogeza hadi milimita 0.1 tu kutoka juu. Kwenye DVD viko ndani, milimita 0.6. HD DVD ikabaki na 0.6 ileile, na hapo palikuwa na akili ya biashara: kiwanda kilichokuwa kinachapa DVD kingeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kikachapa HD DVD. Cha Blu-ray kilihitaji mitambo mipya. Tena uso wa milimita 0.1 ni mwembamba mno, mkwaruzo mdogo unafika kwenye vishimo. Ndiyo maana diski za kwanza za Blu-ray, zilizotoka Japani mwaka 2003 kwa ajili ya kurekodi vipindi vya TV, zilifungiwa ndani ya kasha la plastiki ambalo hulitoi. Hebu fikirieni pindo la fulana lingefanyaje kazi hapo! Kampuni ya TDK ndiyo iliyowaokoa kwa kutengeneza utando mgumu wa kupaka juu ya diski, na kasha likatupwa.

Tarehe 19 Februari 2002 kampuni tisa zilitangaza Blu-ray kwa pamoja. Sony ilikuwemo, Panasonic, Philips, Pioneer, Samsung, LG, na nyingine tatu. Toshiba haikuwemo. Toshiba ilikuwa na hisa kubwa ya heshima, na ya mapato pia, katika DVD, na haikupenda kuzikwa ikiwa hai. Ikashirikiana na NEC, ikapeleka diski yake kwenye baraza la kampuni zilizosimamia DVD, na mwishoni mwa 2003 baraza likaikubali, ikiwa na jina la ukoo: HD DVD. Mwaka 2005 pande mbili zilikaa kuzungumza. Safari hii hakukuwa na mwenye zizi mwenye fimbo. Huyu aling'ang'ania 0.1, yule 0.6, na kila mtu akarudi kwake.

HD DVD ndiyo iliyotangulia sokoni, Japani mwisho wa Machi 2006 na Marekani mwezi Aprili. Deki ya bei nafuu ya Toshiba iliuzwa dola 499. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nzima, ile prosesa ya Pentium 4 waliyoitumia watu ofisini, na ukiibonyeza iwake ilichukua kama dakika nzima kuamka. Deki ya kwanza ya Blu-ray nchini Marekani ilitoka Juni, ya Samsung, kwa dola 999. Kwa shilingi za Tanzania za wakati ule ni zaidi ya milioni moja, na bado hujanunua TV ya HD, hujanunua waya, hujanunua hata diski moja. Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya diski za mwanzo za Blu-ray, hiyo ya bei mbaya na nafasi kubwa, zilikosolewa kwa picha mbovu kuliko za mpinzani wake. Nafasi ya kabati haikusaidii kama nguo hukuzipanga.

Halafu Sony akatoa silaha aliyokuwa ameificha kwenye soksi. Novemba 2006 aliuza mashine ya gemu, PlayStation 3, na ndani yake akatia deki ya Blu-ray. Mtoto aliomba gemu, mzazi akanunua, na nyumba ikawa na Blu-ray bila kujua. Sony alipata hasara kwa kila mashine aliyouza, na leza za buluu zenyewe zilikuwa adimu kiasi kwamba Ulaya iliambiwa isubiri mpaka Machi 2007. Microsoft, aliyekuwa upande wa Toshiba, naye aliuza deki ya HD DVD ya kuchomeka kwenye Xbox 360 kwa dola 199. Lakini hiyo ulitakiwa uinunue kwa makusudi. Kitu kilichokuja bure ndani ya kingine ndicho kilichoenea.

Wenye filamu nao waligawanyika. Disney, Fox na Sony Pictures walitoa muvi zao kwa Blu-ray. Universal kwa HD DVD. Warner na Paramount walitoa kwa zote mbili, mpaka Agosti 2007 Paramount alipohamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba alilipwa fedha nyingi kufanya hivyo. Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mnunuzi. Unapenda katuni za Disney na unapenda muvi za Universal. Ununue deki mbili? LG walitengeneza moja inayosoma zote, lakini bei ilikuwa dola 1,199. Warner waliahidi diski yenye Blu-ray upande mmoja na HD DVD upande wa pili; haikufika madukani.

Toshiba akashusha bei mpaka mwili ukamtetemeka. Novemba 2007 maduka ya Walmart yaliuza deki yake kwa dola 98. Watu walipanga foleni, wakanunua, na wengi wao wakaenda nyumbani kutazama DVD zao za zamani, maana deki ile ilikuwa fundi hodari wa kuibuni ile picha ya nukta chache mpaka ikavutia kwenye TV ya HD.

Pigo likaja tarehe 4 Januari 2008. Warner, mwenye hazina kubwa ya muvi, akatangaza kwamba anabaki na Blu-ray tu. Sababu aliyoitoa ilikuwa hii: watu wamechanganyikiwa, wamekaa pembeni wanasubiri, na kadiri wanavyosubiri ndivyo biashara nzima inavyokufa. Kundi la HD DVD lilikuwa limeandaa mkutano mkubwa na waandishi wa habari huko Las Vegas siku mbili baadaye. Wakaufuta. Februari wakaondoka mmoja mmoja: Netflix, Best Buy, Walmart. Na tarehe 19 Februari 2008, miaka sita kamili, siku kwa siku, tangu Blu-ray itangazwe, rais wa Toshiba Atsutoshi Nishida alisema wanaacha. Wanahisa hawakulia. Tetesi za kujitoa zilipovuma, bei ya hisa za Toshiba ilipanda.

Msione huruma bado. Agosti ya mwaka huohuo Toshiba alirudi na deki mpya ya dola 150, na haikuwa na leza ya buluu hata kidogo. Ilikuwa deki ya DVD ya kawaida iliyofundishwa kuinoa picha. Yaani baada ya vita vyote hivyo alikuja kusema: hivi mlivyonavyo kabatini vinatosha. Mwaka 2009 akainamisha kichwa, akajiunga na kundi la Blu-ray.

Mimi naamini ile deki ya dola 150 ilikuwa inasema kweli zaidi kuliko matangazo yote ya miaka sita. Na msiniamini kwa maneno, jaribuni. Chukua karatasi nyeupe, chora kwa rula mistari miwili myembamba iliyoachana milimita 1. Bandika ukutani penye mwanga wa kutosha. Rudi kinyumenyume taratibu ukiitazama. Mahali fulani, kama mita 3 na nusu hivi kwa mwenye macho mazuri, mistari miwili inakuwa mmoja. Karatasi haijabadilika. Jicho ndilo lililofika mwisho wa uwezo wake.

TV ni hivyohivyo. TV ya inchi 32 ina kioo chenye kimo cha sentimita 40 hivi. Gawanya kwa mistari 576 ya DVD, kila mstari unapata milimita 0.7. Kwa kipimo cha karatasi yetu, ukikaa mita 2 na nusu mistari hiyo imeshaungana machoni pako. Ya HD inaungana ukiwa mita 1.3 tu, yaani magoti yako karibu yaguse meza ya TV. Ukiwa umekaa mita 3, mtu akibadilisha DVD kwa Blu-ray utaona tofauti ndogo, rangi labda, au ukungu uliopungua kwenye muvi iliyobanwa vibaya. Hutaona mara tano. Sasa chukua kioo cha inchi 65. Kimo chake ni sentimita 81, na mistari ya DVD inahitaji karibu mita 5 ili iungane. Hapo kwenye sebule ya kawaida DVD inaumbuka, na diski ya HD inastahili pesa yake.

Mwaka 2006 ni wangapi waliokuwa na kioo cha inchi 65? Hata Marekani walikuwa wachache. Kelele zote zile zilipigwa kuhusu ugonjwa ambao wagonjwa wake walikuwa bado hawajaugua. Watu waliokaa pembeni kusubiri hawakuwa wavivu wala hawakuchanganyikiwa sana kama Warner alivyodhani. Walikuwa wanatazama picha waliyonayo na kuiona nzuri.

Na wakati wapiganaji wanatazamana, Januari 2007 Netflix, kampuni iliyokuwa ikituma DVD kwa posta kwenye bahasha nyekundu, ilianza kuwaruhusu wateja watazame muvi moja kwa moja kupitia intaneti. Picha ilikuwa ya kawaida sana na orodha ilikuwa fupi. Hakuna aliyeogopa. Septemba 2023 kampuni hiyohiyo ilituma bahasha yake ya mwisho. Samsung, ambaye deki yake ya dola 999 ilifungua uwanja, aliacha kutoa deki mpya za Blu-ray mwaka 2019. PlayStation 5 unaweza kuinunua bila sehemu ya kuingiza diski kabisa.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Blu-ray wengi wetu tuliiona kwenye makava tu. Deki zilipowekewa tundu la USB, tukaruka. Ulikwenda kwenye kile kibanda chenye kompyuta moja na spika kubwa nje, ukampa kijana flashi yako, ukachagua kwenye orodha, ukalipa kwa idadi ya muvi, ukaondoka. Hakukuwa na vishimo wala mikwaruzo, wala kuuliza muvi ni ya kampuni gani. Wenye muvi zao hawakupata kitu, na hilo liliwaumiza wasanii wetu vibaya sana. Nalitaja kwa sababu msije mkadhani nasifia.

Hapo mtaniuliza: kwa hiyo diski imekufa, hakuna anayeihitaji? Ngoja. Netflix wenyewe wanasema muvi ya 4K, yaani yenye nukta nyingi kuliko hata za HD, inaweza kula gigabaiti 7 kwa saa. Muvi ya saa mbili, gigabaiti 14. Nenda kapige hesabu ya bando halafu uniambie. Tena diski ya Blu-ray inaruhusiwa kumwaga data za picha megabiti 40 kwa sekunde, na za 4K zilizokuja mwaka 2016 zinapita 100 kwa diski nzima. Intaneti huwa inabana kuliko hapo, na ubanaji unaonekana kwenye moshi, kwenye mvua, kwenye mandhari ya usiku, ambako giza linageuka vipande vya miraba. Halafu kuna suala la mali. Desemba 2023 wateja wa PlayStation waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyovilipia vitafutwa kwenye akaunti zao, kwa sababu mkataba kati ya kampuni na kampuni umekwisha. Baada ya makelele uamuzi ukarudishwa nyuma. Diski iliyomo kabatini kwako haipokei barua ya namna hiyo.

Kwa hiyo mwenye kioo cha inchi 65, kochi lililo mita 3 kutoka ukutani na bando la kuhesabia vidole, nitamwambia anunue deki ya Blu-ray, na ikiwa ni ya mtumba aende dukani na diski yake mkononi aione ikisomeka kabla hajatoa pesa. Achunguze pia kanda ya dunia ambayo deki imeruhusiwa kusoma diski zake: Afrika tumewekwa pamoja na Ulaya, kwa hiyo Blu-ray ya shangazi aliyeko London itacheza, ya mjomba wa Chicago huenda ikagoma. Mwenye inchi 32 na viti vya mbali abaki na DVD zake kwa amani. Na mkiletewa diski kwenye kava jekundu lililoandikwa HD DVD juu, ipokeeni, msome maelezo ya nyuma, mtazame picha za stelingi. Deki za kuisoma hazitengenezwi tena.